Kompyuta Moja kwa Kila Mwanafunzi au Moja kwa Wawili: Ulinganisho kwa Mwalimu Anayetaka Kuchagua

Mwalimu anayekabidhiwa chumba cha kompyuta hukutana na swali hili kabla hajawasha hata mashine moja: wanafunzi ni 40, kompyuta ni 20, au ni 10, na pengine zinazowaka ni 5 tu, nani aketi na nani? Wengi wetu tumezoea kulijibu kwa kuhesabu vifaa. Tunaamini kwamba shule yenye uwezo humpa kila mtoto kompyuta yake, na shule isiyo na uwezo huwabananisha watoto mbele ya skrini moja na kuwataka wavumilie. Nimefundisha katika hali zote mbili, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo nilivyozidi kuona kwamba hesabu hiyo inaanzia mahali pasipostahili. Swali la kwanza ni la somo lenyewe: leo wanafunzi wanatakiwa kufikiri juu ya nini, na mikono yao inatakiwa kuzoea nini? Yapo masomo ambayo ningewaketisha wawili wawili hata kama nusu ya kompyuta zingebaki bila mtu, na yapo mengine ambayo nisingekubali mtoto hata mmoja aketi pembeni akitazama.

Neno moja, mipango mitatu

Ugumu wa kulinganisha unatokana na neno lenyewe. Tunaposema kwamba wanafunzi wanachangia kompyuta, tunaweza kuwa na maana ya wanafunzi wawili walioketi bega kwa bega wakifanya kazi moja. Tunaweza kuwa na maana ya kundi la watatu mpaka watano waliozunguka skrini moja. Na tunaweza pia kuwa na maana ya darasa linalopokezana, nusu wakiwa kwenye mashine na nusu wakiwa kwenye madaftari, kisha wakabadilishana. Mipango hii mitatu haifanani kwa matokeo hata kidogo, na anayeiweka yote katika fungu moja ili ailinganishe na mpango wa kompyuta moja kwa kila mwanafunzi hufikia uamuzi usiomsaidia mtu. Mabishano mengi niliyoyasikia katika vikao vya walimu yalikuwa ya namna hiyo: mmoja anatetea wawili wawili, mwenzake anapinga watano watano, na wote wawili wanadhani wanazungumzia jambo moja.

Kila mmoja na yake

Faida iliyo wazi kabisa ya kumpa kila mwanafunzi kompyuta yake ni mazoezi ya mikono. Kuandika kwa kibodi ni ustadi wa vidole, sawa na kushona au kupiga gitaa, na hakuna anayeupata kwa kumtazama jirani. Ndivyo yalivyo pia yale mambo madogo ambayo mtu mzima ameshasahau kwamba aliwahi kujifunza: kubofya mara mbili bila kukisogeza kipanya, kuburuta faili mpaka kwenye folda bila kuliachia njiani, kuandika nenosiri ambalo herufi zake hazionekani, na kujua kwamba kuhifadhi kazi na kuifunga ni mambo mawili tofauti. Mtoto anayekosa mazoezi haya katika madarasa ya mwanzo huendelea kubaki nyuma miaka inayofuata, kwa sababu kila somo jipya huanza kana kwamba ameshayajua.

Faida nyingine ni ya mwendo. Anayesoma polepole husoma polepole bila mwenzake kuvuta ukurasa kabla hajaumaliza, na anayekwenda haraka hana wa kumngoja. Kosa la mtoto hubaki kuwa lake mpaka alirekebishe, na kwa mtoto mwenye haya jambo hilo si dogo. Mwenye uoni hafifu anaweza kukuza maandishi kadiri apendavyo bila kumharibia mtu mwingine mpangilio wa skrini. Na linapofika suala la kupima, sioni nafasi ya mjadala: alama ya mwanafunzi mmoja inahitaji kazi ya mwanafunzi mmoja.

Udhaifu wa mpango huu hauonekani kwa mtu anayechungulia mlangoni, kwa sababu anachokiona ni chumba kilichotulia, kila mtoto ameelekeza macho kwenye skrini yake. Utulivu huo unadanganya. Mtoto aliyekwama akiwa peke yake ana njia tatu tu: kunyoosha mkono na kungoja, kubofya ovyo mpaka kitu kitokee, au kufungua ukurasa mwingine usiohusika na somo. Hebu tupige hesabu ya kungoja. Katika kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 40, mwalimu asiyefanya kitu kingine chochote isipokuwa kuzunguka ana dakika moja kwa kila mtoto, na humo ndani kuna muda wa kutembea, kuinama na kuelewa tatizo ni nini. Akiwaketisha wawili wawili, vituo vya kutembelea vinabaki 20, na kila kituo kinapata dakika mbili. Zaidi ya hayo, maswali mengi hayamfikii kabisa, kwa kuwa yamekwisha kujibiwa na aliyeketi jirani.

Mipango mikubwa ya kugawa kompyuta inatuonya vilevile tusitegemee hesabu ya vifaa peke yake. Mwaka 2002 jimbo la Maine nchini Marekani lilianza kuwapa wanafunzi wa darasa la saba wa shule za umma kompyuta mpakato. Mwaka 2005 Nicholas Negroponte alitangaza mradi wa One Laptop per Child, ambao shabaha yake ilikuwa kompyuta mpakato moja kwa kila mtoto. Uruguay ikaanza mpango wake wa Ceibal mwaka 2007, na Peru ikasambaza mamia ya maelfu ya mashine hizo. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ilifanya tathmini katika shule 319 za msingi za vijijini nchini Peru na kuchapisha matokeo mwaka 2012. Shule zilizofikiwa na mradi zilikuwa na zaidi ya kompyuta moja kwa kila mwanafunzi, lakini tathmini haikuona dalili kwamba alama za hisabati na lugha zilipanda kuliko katika shule ambazo hazikufikiwa, ingawa yalionekana maendeleo kiasi katika majaribio ya uwezo wa jumla wa kufikiri. Miaka mitatu baadaye ripoti ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, iliyotazama nchi nyingi kwa pamoja, ilieleza kwamba wanafunzi wanaotumia kompyuta shuleni kwa kiasi huwa na matokeo afadhali kidogo kuliko wanaozitumia kwa nadra, na kwamba wanaozitumia mara nyingi mno hufanya vibaya zaidi. Siyasomi matokeo haya kama hoja ya kuwanyima watoto kompyuta. Ninayasoma kama ushahidi kwamba kupunguza idadi ya watoto kwa kila mashine hakufundishi mtu chochote, iwapo hakuna aliyefikiria watoto hao watafanya nini wakishaketi.

Wawili kwa mashine moja

Kuketi wawili kunamlazimisha mtoto kufanya jambo ambalo kompyuta peke yake haimdai kamwe, nalo ni kusema anachokusudia kabla hajakitenda. Aliyeshika kipanya hawezi kwenda popote bila kuulizwa anakwenda wapi. Asiyekishika hawezi kulitekeleza wazo lake mpaka alitafutie maneno ambayo mwenzake atayaelewa na kuyafuata. Fikra iliyokuwa imejificha kichwani inatoka nje, inasikika, na ikiwa na kasoro, kasoro hiyo inasikika pia.

Nakumbuka kipindi kimoja cha lahajedwali, yaani programu ya kupanga na kukokotoa namba katika visanduku. Wanafunzi walikuwa wamepewa kiasi cha mvua cha miezi 12, kwa milimita, watafute jumla ya mwaka. Mvulana aliyeshika kipanya alikuwa amekwisha kuipata jumla, kisha bila kutambua akaandika fomula nyingine chini yake, nayo ikazizoa namba zote pamoja na ile jumla yenyewe. Skrini ikaonyesha 2,640. Alikuwa tayari anasogea kwenda kuhifadhi. Msichana aliyeketi kushoto kwake, ambaye mkononi hakuwa na kitu isipokuwa kalamu, akaweka kidole juu ya kioo, penye mwezi uliokuwa na mvua nyingi kuliko yote, akasema, "Hakuna mwezi uliofika mia mbili. Hata ingefika yote kumi na miwili, tungepata elfu mbili na mia nne. Sasa hii imetoka wapi?" Wote wawili wakanyamaza. Kisha mvulana akairudia fomula, akaisoma kwa sauti kisanduku kimoja baada ya kingine, na alipofika cha 13 akashusha pumzi: "Nimeijumlisha jumla." Jibu sahihi lilikuwa 1,320. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yao na sikuhitaji kusema neno. Mvulana yule angekuwa peke yake, ningeikuta 2,640 wakati wa kusahihisha, na yeye angeletewa alama ya kosa bila kujua kosa lilizaliwaje.

Kilichomsaidia msichana kuliona kosa ni ule ukweli kwamba hakuwa na kipanya. Mwenye kipanya anashughulika na visanduku, mabano na mahali pa kubofya. Mwenzake ana nafasi ya kuutazama mti badala ya majani. Waandishi wa programu wanaifahamu sana tofauti hii, kwani mwishoni mwa miaka ya 1990 ulienea miongoni mwao utaratibu wa kuandika programu wawili kwenye kompyuta moja, mmoja akiwa dereva na mwingine mwelekezi, wakibadilishana mara kwa mara. Watu hao hawakukosa kompyuta. Kila mmoja alikuwa na yake, na bado waliona inafaa kuiacha moja ili macho mawili ya ziada yawe juu ya kazi ile ile.

Utafiti nao unaelekea upande huo huo. Mwaka 2001 Yiping Lou, Philip Abrami na Sylvia d'Apollonia walichapisha uchambuzi wa tafiti 122 zilizowahusu wanafunzi 11,317, wakilinganisha kujifunza kwa kompyuta katika makundi madogo na kujifunza kwa kompyuta mmoja mmoja. Kwa wastani, waliojifunza katika makundi madogo walipata zaidi hata walipopimwa kila mtu peke yake. Tofauti hiyo haikuwa kubwa, lakini iliongezeka pale kundi lilipokuwa la watu wawili na pale wanafunzi walipokuwa wamefundishwa namna ya kufanya kazi pamoja. Uchambuzi huo huo ulionyesha gharama yake: anayefanya peke yake hugusa kompyuta zaidi na humaliza kazi mapema. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kazi iishe kabla ya kengele na mwalimu anayetaka kazi ieleweke wanaweza kufikia uamuzi tofauti, na kila mmoja akawa na sababu yake.

Kasoro kubwa ya wawili wawili inajulikana na kila aliyewahi kuijaribu: mmoja hukamata kipanya na hakiachii. Mara nyingi ni yule aliye na kompyuta nyumbani, au yule mwenye sauti, na katika madarasa mchanganyiko niliyoyafundisha mara nyingi alikuwa mvulana. Mwenzake hujifunza kutikisa kichwa. Ukitaka kujua hali ya darasa lako, andika kwenye karatasi nani ameshika kipanya dakika ya 5, dakika ya 15 na dakika ya 30. Majina yakiwa yale yale, huna wawili wawili, una mmoja mmoja na watazamaji.

Kasoro hiyo ina dawa, lakini ni dawa ya kila siku, haitolewi mara moja mwanzoni mwa muhula. Ninapiga kengele ndogo kila baada ya dakika nane au kumi, na ikilia wanafunzi wanabadilishana viti. Nasisitiza viti, kwa sababu wakibadilishana kipanya peke yake, kipanya hurudi kilikotoka baada ya muda mfupi, ilhali aliyehamia kiti cha pembeni amekaa mbali nacho. Karatasi ya maswali inakaa kwa asiyeshika kipanya, na yeye ndiye anayesoma swali na kuamua lipi lifuate. Aliyeshika kipanya hatekelezi wazo lake mwenyewe mpaka mwenzake alikubali. Mimi mwenyewe nimejifungia mkono: siugusi kipanya cha mwanafunzi, hata kama tatizo ni la sekunde mbili. Mwalimu anayenyakua kipanya ili asaidie haraka anawafundisha watoto wote wanaomwona kwamba anayejua ndiye anayenyakua.

Namna ya kuwaoanisha nayo ina uzito. Desturi ya kumweka mwanafunzi hodari kabisa na dhaifu kabisa, kwa matumaini kwamba hodari atamfundisha mwenzake, huishia kwa hodari kuifanya kazi yote, kwa uvumilivu au kwa hasira. Wanaokaribiana uwezo hubishana, na mabishano yao ndiyo ninayoyatafuta. Hata hivyo, siwaachi pamoja zaidi ya wiki nne au tano, kwa kuwa baada ya muda huo kila jozi huwa imeshapata bosi wake.

Watatu, wanne, watano

Hapa sina mengi ya kusifu. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwenye kompyuta hali ni mbaya zaidi, kwa sababu usukani ni mmoja. Skrini ya kawaida ya mezani haisomeki vizuri na aliyeketi pembeni kabisa. Mtoto wa nne huona mwanga na bega la mwenzake. Nimewaona wanafunzi wakimaliza muhula mzima wa kompyuta wakiwa wamejua vizuri kitu kimoja, yaani mahali pa kusimama ili mwalimu asiwaone kwamba hawafanyi kitu.

Wanaotetea makundi makubwa hutaja jaribio la mwaka 1999 la Sugata Mitra jijini New Delhi, ambako kompyuta iliwekwa kwenye ukuta uliopakana na mtaa wa watu maskini, na watoto waliokusanyika mbele yake wakajifunza kuitumia bila mwalimu. Jaribio lile lina thamani yake. Lakini watoto wale walikuja walipotaka, waliondoka walipochoka, na hakuna aliyewatarajia wote wafike mahali pamoja kwa siku moja. Darasa lina muhtasari wa masomo, lina mtihani, na lina mtoto ambaye hawezi kuondoka anapochoka kutazama.

Upo mpango mmoja wa makundi ninaouheshimu. Katikati ya miaka ya 2000 watafiti wa Microsoft nchini India, miongoni mwao Joyojeet Pal na Kentaro Toyama, walitengeneza programu iliyoruhusu vipanya kadhaa kuunganishwa kwenye kompyuta moja, kila mtoto akiwa na mshale wake wa rangi yake. Walipoijaribu katika kufundisha msamiati wa Kiingereza, na programu ikawadai watoto wakubaliane kabla ya kusonga mbele, waliona kwamba hata watoto watano kwenye skrini moja wangeweza kujifunza maneno sawasawa na aliyeketi peke yake. Lakini programu ilipowashindanisha, wavulana walikimbilia kubofya bila kufikiri. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba kinachomtoa mtoto somoni ni mkono usio na kazi zaidi ya wingi wa watu. Bila programu ya namna hiyo, na shule nyingi hazina, watatu ndio mwisho wangu, na ninawaruhusu pale tu idadi ya darasa isipogawanyika kwa mbili.

Kupokezana

Shule nyingi zenye kompyuta chache huchagua makundi makubwa kwa kudhani kwamba hazina njia nyingine. Njia ipo, na ningependa kila mwalimu aifanyie hesabu kwenye karatasi kabla hajapanga viti.

Chukua wanafunzi 40, kompyuta 10 na kipindi cha dakika 40. Ukiwaketisha wanne wanne kwa kipindi chote, na wakapokezana kwa haki kabisa, kila mmoja atashika kipanya dakika 10 na kutazama dakika 30. Sasa ligawe darasa nusu mbili. Wanafunzi 20 wanaingia kwenye kompyuta 10, wawili wawili, kwa dakika 20, wengine 20 wako mezani na kazi ya karatasi, kisha wanabadilishana. Kila mwanafunzi atashika kipanya dakika 10, zile zile. Atakuwa mwelekezi dakika 10, akiwa karibu na skrini na mwenye kazi ya kufanya. Na zile dakika 20 zilizobaki, ambazo katika makundi ya wanne angezimaliza nyuma ya mabega ya wenzake, atazitumia akiandika. Muda wa mikono haukupungua hata dakika moja. Kilichotoweka ni muda wa kutazama.

Bila shaka mpango huu unamdai mwalimu. Kazi ya karatasi isipokuwa na uhusiano na kazi ya kompyuta, watoto huiona kama adhabu ya kungojea na kuifanya vivyo hivyo. Mimi huwapa walio mezani kuchora kwa kalamu kile watakachokwenda kukijenga: mpangilio wa jedwali, hatua za programu kwa maneno ya kawaida, aya ya kwanza ya insha watakayoichapa. Wanaotoka kwenye mashine hupewa kukagua kazi ya jozi nyingine iliyochapishwa. Ugumu mwingine ni kelele za kuhama katikati ya kipindi, ambazo mwanzoni hula dakika tatu au nne. Baada ya wiki chache, viti vikiwa na namba, hushuka hadi moja. Kama ratiba ya shule inaruhusu vipindi viwili mfululizo, afadhali zamu iwe ya kipindi kizima.

Kuchagua kwa kutazama kazi

Mtu akiniuliza achague nini, namuuliza kesho anafundisha nini. Ikiwa ni kuchapa kwa vidole vyote, kumtambulisha mtoto kwenye kipanya kwa mara ya kwanza, kuandika insha au barua inayotoka moyoni mwa mtu mmoja, au kufanya jaribio la alama, basi kila mmoja awe na mashine yake, na kama mashine hazitoshi, darasa lipokezane mmoja mmoja hata ikichukua wiki mbili. Insha naitaja kwa makusudi. Nimejaribu kuwaandikisha wawili insha moja, na karibu kila mara nilipata sentensi za mmoja na kimya cha mwingine, kwa sababu sentensi haina jibu linaloweza kuhakikiwa na watu wawili kama ilivyo fomula.

Ikiwa kazi ni kutatua tatizo, kuandika programu, kujenga lahajedwali, kuchambua tovuti ili kujua kama habari yake inaaminika, au kutumia programu ya kuiga jaribio la sayansi, ningechagua wawili wawili bila kusita, hata katika shule yenye kompyuta za kutosha. Kutafuta habari kwenye intaneti ni mfano mzuri. Mtoto akiwa peke yake hufungua kiungo cha kwanza na kunakili. Wakiwa wawili, inabidi mmoja aseme kwa nini kiungo hiki kiaminiwe, na mara hiyo huenda ikawa ya kwanza kwake kuulizwa swali hilo.

Kazi ndefu ya wiki kadhaa inahitaji mchanganyiko: wapange wawili, kila mmoja aandike sehemu yake peke yake, kisha wakae tena pamoja kuunganisha. Hapo mwalimu anaweza kutoa alama ya kazi ya pamoja na alama ya sehemu ya kila mmoja, na hakuna mzazi atakayelalamika kwamba mwanawe amebebwa au amebeba.

Mambo madogo yanayoharibu mpango mzuri

Yapo mambo ambayo hayajadiliwi sana vikaoni na ambayo huamua kama kuchangia kutafaulu. La kwanza ni akaunti. Wawili wanapofanya kazi ndani ya akaunti ya mmoja, siku huyo asipokuja shule mwenzake hana faili, na suluhisho linalobuniwa na watoto ni kupeana nenosiri. Mtoto aliyezoezwa kumpa rafiki nenosiri darasani atampa mtu mwingine baadaye. Kazi ya pamoja ihifadhiwe kwenye folda ya pamoja, jina la faili likiwa na majina yote mawili, na kila mmoja afungue mashine kwa akaunti yake kwa zamu.

Visikilizio havichangiwi, somo lenye sauti ama litumie spika kwa sauti ya chini, ama kila mtoto awe na vyake. Anayetumia mkono wa kushoto aketi upande wa kushoto, vinginevyo viwiko vitagongana kipindi kizima. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu, au anayehitaji programu ya kusoma skrini kwa sauti, awe na mashine yake kila siku, hata kama wenzake wote wameketi wawili wawili, na apangiwe mwenzi wa kujadiliana naye aliye kwenye mashine ya jirani. Kompyuta mbovu nazo ziingizwe kwenye hesabu tangu mwanzo: mwenye mashine 20 apange somo kana kwamba ana 18, kwa kuwa asubuhi yoyote mbili zinaweza kugoma kuwaka, na jozi mbili zisizo na mahali pa kwenda huvuruga darasa zima.

Fedha za nyongeza ziende wapi

Suala la mwisho ni la wale wanaopanga bajeti. Shule yenye kompyuta 10 kwa wanafunzi 40 ikipata fedha za kununua nyingine 10, izinunue, kwa maana kushuka kutoka wanne hadi wawili kunabadilisha kila kitu nilichokieleza hapo juu. Ikipata fedha nyingine za kutoka 20 hadi 40, ningeomba isubiri kidogo. Kompyuta ya mezani pamoja na skrini yake hutumia takribani wati 150. Ishirini ni wati 3,000, na arubaini ni wati 6,000, mzigo ambao nyaya za vyumba vingi vya madarasa hazikuwekwa kwa ajili yake. Afadhali zinunuliwe kompyuta mpakato chache, zitakazotosha kundi moja la kuchapa au kufanya mtihani kwa zamu, zikizunguka darasa hadi darasa. Kiasi kinachobaki kiende kwenye vipanya vya akiba, kwenye vifaa vya kulinda mashine umeme unapokatika ghafla, na kwenye saa za mwalimu za kuandaa kazi ya karatasi. Viti 40 ningevinunua kabla ya kompyuta ya 21, kwa sababu mwanafunzi asiye na kiti mbele ya skrini, hata zamu yake ikifika, hukishika kipanya akiwa amesimama na kuwa wa kwanza kukiachia.